Samaki Kwenye Bido ya Njano

Walionisoma wiki iliyopita waliniacha nimeganda katikati ya hoteli ya Mama Kaudha, Nyamitanga, mjini Mbarara, mwanangu Grâce mgongoni, na mwanamke nisiyemjua ameikumbatia picha yangu ukutani analia kama aliyeletewa msiba mezani.

Kwa ambaye hakusoma, nasema kwa ufupi. Naitwa Eliane. Nimezaliwa Fizi, Congo, naishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na mume wangu ni Pacifique, fundi wa baiskeli. Natengeneza picha kwa bido, madumu ya maji yaliyopasuka. Nazikata kwa kisu cha moto, nalainisha vipande juu ya makaa, kisha navishona kwa waya kwenye gunia la mgao. Nywele na nyusi natoa kwenye ndala kuukuu.

Yote yalianzia darasa la jioni. Mwalimu wetu Kizito hakuwa na chaki wala ubao, akatukatia herufi kwenye bido ili tuzishike mkononi. Wenzangu waliridhika na herufi. Mimi nikaanza kukata pua na midomo.

Picha ile kwa Mama Kaudha ilikuwa yangu ya kwanza kutoka nje ya kambi. Ilikuwa 2013, mwezi wa sita. Ilionyesha mama amebeba mtoto, wote wawili wa rangi ya njano, kuanzia njano ya ndizi mbivu hadi njano iliyochoshwa na jua. Begani kwa yule mama niliweka kipande chenye alama ya samaki, iliyochomwa kwa msumari wa moto. Nilikiona kizuri, nikakiacha kionekane kama pambo.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

"Weye mama," yule mwanamke alinigeukia, "hii bido uliitosha wapi?"

Ilikuwa sauti ya kwetu kabisa, ya ziwani, ambako kutosha ni kutoa.

"Bido gani, mama?"

"Usinichezee. Hii." Kidole chake kilikuwa juu ya samaki. "Haka kasamaki. Mifupa tatu, mukia inapinda juu. Ni bwana yangu alikachoma, na mukono yake ya kushoto."

Mama Kaudha alitoka jikoni na mwiko mkononi, mtandio umemteleza hadi shingoni.

"Banange! Nini tena? Nyabo, hapa watu wanakula. Unalia juu ya plastiki?"

"Haiko plastiki. Ni bwana yangu."

"Bwana yako iko kwa picha?" Mama Kaudha aliikagua picha, akanikagua na mimi. "Mimi naona mwanamke na mtoto tu."

Mteja mmoja alicheka. Alipoona hakuna aliyemfuata, akarudi kwenye sahani yake.

Yule mwanamke alijifuta uso kwa pembe ya kitenge. Alisema jina lake ni Madeleine, mtu wa mji wa Baraka. Amefika Mbarara mwaka jana, anafulia watu nguo pale pale Nyamitanga.

"Bwana yangu ni Appolinaire. Mwaka 2006 alitoka kwetu na hii bido, ilijaa mawese, anaenda kuuzisha Uvira. Siku ile ile batu ba bunduki baliingia. Nilikimbia na nguo moja. Miaka saba, sijamuona. Tulilia matanga na koti yake, maana maiti hatukuwa nayo. Tulitandika koti juu ya kitanda, tukailia siku tatu."

Akanisogelea.

"Sasa weye niambie. Mutu alienda na bido. Bido imefika. Mutu iko wapi?"

Nilikuwa nimesikia neno moja tu: mawese.

Bido ile ndani ilikuwa nyekundu. Niliisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga, wekundu ukakataa kutoka. Mwishowe nikafurahi, nikautumia kwenye mashavu ya yule mama wa picha.

Macho yangu yalikwenda kwenye mashavu. Madeleine aliyafuata.

"Umeona," alisema.

*

Bido ile niliijua ilikotoka. Ilitoka nyumbani kwangu.

Ilikuwa inaning'inia darini kwetu, imepasuka tako, tangu siku Pacifique aliponioa. Haikuteka maji hata siku moja. Siku moja yuko kazini, niliishusha nikaikata. Aliporudi alisimama juu ya vile vipande muda mrefu.

"Umeikata?"

"Si ilipasuka, papa Grâce? Ilikuwa inakula fasi bure."

Hakunigombeza. Hakula pia. Nilidhani ni uchovu.

Sasa, mbele ya Madeleine, mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Niliinunua kwa mtu wa vyuma chakavu."

"Jina yake?"

"Musoni." Lilikuwa jina la kwanza kunijia.

"Njo twende kwa polisi, baandike huyo Musoni."

"Polisi?" Mama Kaudha aliinua mwiko. "Kwa hoteli yangu? Hapana, nyabo. Polisi wakikuja hapa watakula kwanza, halafu wataniuliza mimi. Eliane, huyu Musoni unajua nyumba yake?"

"Naijua."

"Kale, sawa. Jumamosi huyu mama anakuja Nakivale, unampeleka, mnaongea. Imekwisha. Mimi nataka amani."

Madeleine alinitazama kama anayepima kitambaa sokoni, anatafuta pale kilipotoboka.

"Jumamosi, na gari ya kwanza. Na kama unanidanganya, nitasimama kwa bomba yenu, nitaita jina ya bwana yangu mupaka mutu aitike."

Nilijaribu njia ya mwisho. "Lakini mama, samaki batu bote banachora."

"Bote banaanza na kichwa," alisema. "Yeye anaanza na mukia. Jicho anaweka nyuma ya yote. Batoto ba jirani bakimuuliza juu ya nini jicho ni ya mwisho, anabaambia: 'Samaki haone mupaka tumumalize.'"

Alipoondoka, Mama Kaudha aliitoa picha kwenye msumari, akaigeuza uso ukutani.

"Itakaa hivi mpaka mmalize maneno yenu." Kisha akaniona nilivyo, akalainika. Aliingia jikoni akatoka na bido tupu ya mafuta ya kupikia, mpya, inang'aa. "Chukua hii. Hii haina mwenyewe."

*

Ile ilikuwa Jumatatu. Njia nzima ya kurudi, kutoka Mbarara hadi Kabingo, kutoka Kabingo hadi kambini, nilikuwa nahesabu ninachokijua juu ya mume wangu. Vidole vya mkono mmoja vilinitosha.

Wasio wakimbizi watanishangaa. Umeishi na mtu miaka minne, humjui? Lakini kambini tuna adabu yetu: humuulizi mtu nani alibaki nyuma. Akikutajia mwenyewe, unasikiliza. Asipotaja, unapika. Pacifique aliniambia, "Bangu balikwisha," nami nikaweka maharage jikoni. Niliona ndiyo heshima.

Sasa heshima ile ilianza kunitia baridi.

Jumanne nilikwenda bombani. Pale kwetu foleni hatupangi sisi, zinapanga bido. Unaiacha yako kwenye mstari, unarudi nyumbani kunyonyesha, na mtu akiisogeza nyuma, alama yako inakutetea. Mlinzi wa bomba ni Rugamba. Anazijua bido za mtaa mzima kuliko sura za wenyewe.

"Bido ya samaki?" Rugamba alijikuna kidevu. "Ile naikumbuka. Bwana yako alikuja nayo 2007, peke yake, bila blanketi, bila sufuria. Watu wakamuomba wateke maji, akakataa. Nikamwambia, wewe, hiyo bido ni bibi yako? Aliniangalia vibaya, sikurudia tena."

"Ilikuwa na nini ndani?"

"Mimi nijue wapi? Mfuniko hakufungua mbele ya watu."

Wanawake wa kwenye foleni walikuwa wameshatega masikio.

"Mama Grâce anachunguza bwana yake!"

"Muulize kama bibi mwingine alikuwa ndani ya bido!"

"Kama aliingia, alikuwa mwembamba huyo!"

Walicheka hadi mmoja akasahau maji yake yanamwagika. Mimi nilicheka nao, kwa meno tu.

Jumatano nilimuuliza Pacifique. Alikuwa anakaza spoku za baiskeli.

"Papa Grâce, ile bido ya njano uliipata wapi?"

"Njiani."

"Njia gani?"

"Ya kukimbia. Niliiokota." Hakuinua uso. "Juu ya nini unauliza?"

"Basi tu."

Alhamisi nilirudi kwa mlango mwingine.

"Bido ile uliinunua pesa ngapi?"

"Nilisahau. Ilikuwa bei ndogo."

Jumatano aliiokota. Alhamisi aliinunua.

Nilianza kuitazama mikono yake. Ni mikono inayomwogesha Grâce taratibu, kiganja kimoja nyuma ya kichwa maji yasimwingie masikioni. Ilifanya nini barabara ya Uvira mwaka 2006? Mtu anayebeba mawese anabeba mali. Na wakati wa kukimbia, kuna waliokimbia na mali zao, na kuna waliokimbia na za wengine.

Alipompakia Grâce kwenye baiskeli amzungushe kidogo kama kawaida yao, niliwasindikiza kwa macho hadi konani, nikabaki pale pale nimesimama mpaka waliporudi. Na kile kisu changu cha kukatia bido nilikificha chini ya magunia.

Naona haya kuandika hili. Lakini niliwaahidi kuandika yote.

*

Ijumaa baada ya saa tisa mchana Pacifique alirudi mapema kutoka kazini. Nilikuwa nimeshaamua. Musoni hayupo, na Madeleine anakuja kesho. Nitamleta hapa hapa, nimsimamishe mbele ya Pacifique, nione uso wa mume wangu utafanya nini. Kama ni muuaji, na ajulikane. Nitamchukua mwanangu nianze upya. Kisu na bido ninavyo.

Nilikuwa nasonga bugali. Bido mpya ya Mama Kaudha ilikuwa mlangoni, haina alama.

Bido zetu zote huwa naziwekea alama mimi, herufi E yenye mkia. Ndiyo herufi ya kwanza niliyoishika kwa mwalimu Kizito. Pacifique hajawahi kuchoma alama hata moja nyumbani kwetu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

"Papa Grâce, tia hiyo bido alama. Kesho bataichukua kwa bomba."

"Utatia weye."

"Mikono yangu iko ndani ya bugali, huoni?"

Aliguna. Akauchomeka msumari kwenye makaa, akaukamata kwa koleo, akaketi kwenye kigoda changu. Grâce alikuja akachuchumaa mbele yake. Alikuwa na miaka mitatu, hakuna kazi ya baba yake iliyompita.

Mkono wa kushoto ukashuka.

Harufu ya plastiki inayoungua ilinifikia. Mstari wa kwanza ulipanda juu, ukapinda. Mkia. Halafu tumbo. Halafu mifupa: mmoja, wa pili, wa tatu. Hakuwa anatazama anachofanya. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwenda mbali na kumwachia mkono kazi.

"Papa, jicho?" Grâce aliuliza.

"Ngojea," alimwambia, taratibu. "Samaki haone mupaka tumumalize."

Mwiko ulinitoka, ukagonga chini.

Siku tano nilikuwa namwogopa mtu aliyemuua Appolinaire. Siku tano nzima. Lile swali la pili, jepesi kuliko la kwanza, kwamba huenda ni yeye mwenyewe, halikunipitia kichwani hata mara moja.

"Appolinaire," niliita.

"Naam," aliitika.

Kisha akasikia alichokiitikia.

Tulitazamana. Msumari ulikuwa bado unatoa moshi mkononi mwake.

"Hiyo jina uliitosha wapi?"

"Ni yako?"

"Niko na majina mbili. Siku nilifika, yule wa kuandika aliandika moja. Nikamuachia." Aliuweka msumari chini polepole, kama kitu kinachoweza kuamka. "Nani alikuambia?"

"Mwanamke, Mbarara. Aliona samaki kwenye picha. Akataja na Madeleine."

Nimeona watu wakipigwa. Sijaona jina likimpiga mtu vile.

"Nilirudia Baraka siku ya pili," alisema. Alikuwa anaiambia ile bido. "Nyumba ilikuwa majivu. Baliniambia fasi ile hakubaki mutu. Nilikuwa na bido tu mukononi, mawese ilishamwagika. Njo nikatembea nayo. Sikukuambia, Eliane, kwa sababu nikimutaja ninamuzika tena. Ulipoikata ile bido nilisema vizuri, sasa imekwisha. Kumbe."

Alinyanyua macho.

Miaka minne nimelala na kuamka na macho yale. Yamenitazama kwa wema, kwa shukrani, kwa usingizi. Hayakuwahi kunitazama vile. Yalikuwa macho ya kijana.

"Huyo mwanamke alimujua Madeleine?" aliuliza. "Iko muzima?"

Grâce alikuwa ameshapanda magotini pake, amemshika sikio, kama anavyofanya akitaka kusikilizwa. "Papa, tia jicho."

Wiki nzima nilikuwa nawinda uongo kwenye mdomo wa mume wangu. Sasa nawaambia uongo ulikuwa wapi.

"Alikuwa jirani yake," nilisema. "Alisema Madeleine alikufa. Uvira, kwa homa. Balimuzika muzuri."

Hakulia. Alitikisa kichwa mara mbili, kama anayekubali bei.

"Asante kuniambia," alisema.

Asante. Nikaipokea.

Alimteremsha mtoto. Akaniuliza vipande vya ile bido vilivyobaki viko wapi. Nilimtolea chini ya magunia, pale pale nilipoficha kisu. Alitandika mkeka mbele ya nyumba, akavipanga juu yake kimoja kimoja, njano na wekundu wake, akaketi kando yavyo akavua viatu.

Kwetu hakuna asiyejua maana ya mtu kuketi hivyo. Jirani wa kwanza aliuliza nani, akajibiwa, naye akaketi. Wa pili akaleta kuni. Jua halijazama, Rugamba alikuwa amefika na kiti chake. Wale wale walionicheka bombani sasa walinishika bega.

"Pole, mama Grâce. Kumbe bwana yako alikuwa na msiba wake tumboni, na sisi tunacheka."

Niliwapikia. Niliosha sahani zao. Kila aliyeniambia pole, nilimwitikia.

Ile bido mpya ilibaki mlangoni na samaki wake asiye na jicho.

Kulipokucha, watu walikuwa wameongezeka, na wimbo wa Kibembe ulikuwa umeanza, ule wa kumsindikiza mke aliyekufa. Nilikuwa nimejipangia kila kitu. Nitatoka kama naenda kuteka maji, nimpokee Madeleine barabarani, nimwambie Musoni amehama, amerudi Congo, amekufa, lolote lile, nimpandishe gari la kurudi.

Niliichukua bido yenye E. Nilikuwa nimefika nyuma ya nyumba ya pili tu.

Gari la kwanza lilikuwa limewahi, na mimi sikuwepo barabarani kumpokea.

Kutoka bombani ilipanda sauti ya mwanamke, nene, haina haraka, sauti ya mtu aliyejiandaa kukaa siku nzima.

"Appolinaire! Eee, Appolinaire!"

Nyuma yangu, mkekani, wimbo ulikatika. Niligeuka. Watu wote wa matanga walikuwa wanatazamana, isipokuwa mmoja. Mume wangu alikuwa ameshasimama, peku, na mdomo wake ulikuwa unafunguka.